Kwa Nini Mstari Ule Unamtaja Mama Neema

Salma wa ofisini kwetu (nimestaafu, lakini mdomo bado unasema "kwetu") aliniletea ujumbe juzi asubuhi nikiwa nakuna nazi. "Shikamoo Bibi. Majaribio ya programu yamegoma tena kwa sababu ya onyo la mtindo tu, wala hakuna kosa. Tumeona kwenye hati ya majaribio kuna mstari unaokataa maonyo yote, na juu yake umeandika: Anayetaka kuondoa mstari huu akamuulize kwanza Mama Neema, Mlingotini. Bibi, huyu Mama Neema ni nani? Ni mtaalamu wa Lisp?"

Nilicheka mpaka nusu ya nazi ikaniponyoka. Mama Neema mtaalamu wa Lisp! Mama wa watu hajawahi kushika kompyuta maishani mwake, na nadhani akiona lugha hiyo ya kompyuta na mabano yake atauliza ni mtego wa samaki gani huu. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka kwa nini jina lake liko pale. Nazi nikaiacha. Nimeona niwaandikieni nyote mara moja, msije mkanitumia swali hilo mmoja mmoja kila mwaka.

Kazi ya ofisi yetu mnaijua, ila mnaijua ikiwa imeshakomaa. Inahesabu maji ya bahari, yanatoka saa ngapi na yanarudi saa ngapi, kisha inawatumia ujumbe wa simu akina mama wanaolima mwani kuanzia Mlingotini kwenda juu. Nyinyi mmeikuta kwenye jengo lenye kiyoyozi. Sisi tulianzia hapa Bagamoyo mjini, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya uvuvi, ambamo harufu ya nyavu mpya ilipanda ngazi pamoja na wateja waliopotea njia. Tulikuwa na meza mbili, feni moja, na birika la chai ya tangawizi ambalo Mzee Komba hakuruhusu mtu mwingine kulichemsha. Nikipita barabara ile leo natazama dirisha la juu. Sasa wanauza simu mle ndani.

Mzee Komba ndiye aliyeniajiri na ndiye aliyenifundisha. Mtu wa Songea, mrefu, na suruali zake zote zilimwishia juu ya kifundo cha mguu. Aliandika Lisp wakati wenzake wote wameshahamia lugha nyingine, na walimcheka sana. Ukimuuliza mabano yote haya ya nini, anakujibu, "Kwani yamekukaba?" Basi mazungumzo yameisha.

Kuhusu zile suruali, nilielewa faida yake tulipokwenda kupima maji ufukweni Mbegani. Tulichukua mti mrefu wa mkoko, tukauchora sentimita kwa rangi nyeupe, tukaukita ndani ya maji, tukakaa kuanzia asubuhi hadi jioni tukiandika kila baada ya robo saa. Mimi nililowa hadi kiunoni, gauni limenigandia. Yeye alisimama penye maji ya kifundo cha mguu, mkavu kabisa, anakunywa chai. Takwimu zile za siku ile bado zimo ndani ya programu yenu mpaka leo, mkitafuta mtaziona.

Mzee Komba alinipa amri mbili tu. Ya kwanza, majina yote ndani ya programu yawe ya Kiswahili, ili mtu wa kwetu akisoma asitafute kamusi. Ya pili, kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu yawe kazi ya kompyuta, ikimaliza kazi, soma kila ilichosema, mpaka mstari wa mwisho.

"Zuhura," aliniambia, "kosa halina shida, programu haitakwenda na utajua. Onyo lenyewe nalo lina sauti. Lakini hili onyo la mtindo ni mtu anakohoa mlangoni. Anaona aibu kuingia. Ukiwa na kelele ndani, humsikii."

Na alikuwa anayasoma kweli. Kila asubuhi anakaa na miwani yake puani, anayasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Jina hili umelitaja mara mbili. Kipande hiki unakiita lakini hakijulikani. Kitu hiki umekipa thamani halafu hukukitumia. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, na niwaambie ukweli, alinichosha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kazi. Mnajua kwamba kompaila ya Lisp ikishughulikia faili inarudisha majibu matatu. La kwanza, faili lililotengenezwa liko wapi. La pili, je, kulikuwa na onyo lolote? La tatu, je, imeshindwa? Onyo la mtindo likitokea peke yake, jibu la pili linakuwa ndiyo, lakini la tatu linabaki kuwa hapana. Mwenye haraka anaangalia lile la tatu peke yake. Hati yangu ya kwanza ya majaribio, ile inayojiendesha yenyewe kila mnapobadilisha kitu, iliangalia lile la tatu peke yake.

Bado hilo lilikuwa nusu ya ujinga wangu. Nusu ya pili ni kelele. Nilipanga hati iipelekee kompaila faili moja moja. Faili la kwanza likiita kipande kilichomo katika faili la tano, kompaila inalalamika kwamba haikijui. Ikifika kwenye faili la tano inakijua, lakini imeshalalamika. Majaribio yakipakia faili upya, inalalamika tena kwamba umeeleza kitu kilekile mara ya pili. Kila nikiendesha majaribio, maonyo mia na zaidi yanamwagika kwenye skrini, yote ya uongo, yote ya bure. Dawa yake leo mnaijua, mnaipelekea kompaila faili zote kwa mkupuo mmoja, nayo inasubiri mpaka mwisho ndipo iseme nini hasa hakikupatikana. Mimi sikuijua dawa hiyo. Wala sikumuuliza Mzee Komba, kwa sababu wakati ule alikuwa Songea kwenye msiba wa dada yake, na mimi nilikuwa nimeachiwa ofisi na kichwa kimevimba.

Nikaandika mstari mmoja wa kuyanyamazisha. Kwamba onyo la mtindo lolote likitokea wakati wa majaribio, limezwe, lisionekane. Nikaendesha. Skrini ikawa nyeupe, na chini yake neno moja tu la kijani, kwamba yote yamepita. Nilijisikia kama mtu aliyefagia uwanja wa sikukuu. Nikajiambia nitamweleza mzee akirudi.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunaongeza Mlingotini kwenye orodha ya vijiji, na bamvua ilikuwa inakaribia. Nyinyi wa mjini, bamvua ni siku zile maji yanatoka mbali kuliko kawaida, na ndizo siku za kazi kwa mkulima wa mwani, maana kamba zake zote zinafikika kwa miguu. Ujumbe ulikuwa na nyakati mbili ndani yake: saa ambayo maji yametoka kabisa, na saa ambayo mtu anatakiwa awe amesharudi nchi kavu.

Programu inahesabu kwa saa za kompyuta, ambazo zinaanza usiku wa manane. Mama wa Mlingotini anahesabu saa zake tangu jua linapochomoza, kama mimi na wewe tunapoongea. Kwa hiyo kabla ujumbe haujaondoka, kila saa lazima ipunguzwe sita. Saa kumi ya kompyuta ni saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili ya kompyuta ni saa sita mchana. Kitu cha mtoto wa shule.

Jina la Mlingotini lilikuwa refu, ujumbe ukapitiliza nafasi ya simu. Nikapunguza maneno. Asubuhi, mchana, jioni, nikayatoa yote. Nikaipanga upya sentensi, na katika kupanga huko nikaandika vizuri kabisa hesabu ya kupunguza sita kwenye saa ya kurudi, nikaipa jina lake, SAA-YA-KURUDI, halafu mbele kidogo, kwenye sentensi yenyewe, nikaweka ile saa ya zamani ambayo haijapunguzwa. Nikaendesha majaribio. Jaribio la ujumbe lilikuwa linakagua kama jina la kijiji lipo, kama saa ya kwanza iko sawa, na kama maneno yanatosha kwenye simu. Yote yakapita. Kijani.

Ujumbe uliokwenda Mlingotini kesho yake ulisema hivi: "MLINGOTINI. Maji kupwa saa 4. Rudini kabla ya saa 12."

Bi Tatu, ambaye amelima mwani tangu mimi sijaolewa, aliposomewa ujumbe ule na mjukuu wake alicheka. "Saa kumi na mbili? Hiyo kompyuta inataka tukalale na pweza?" Wenzake wakacheka pia, wakaingia majini, wakafanya kazi zao, na jua lilipopanda wakatoka kama walivyotoka siku zote. Hakuna mkulima mzoefu anayengoja simu imwambie bahari inarudi.

Lakini kulikuwa na mgeni. Mama Neema alikuwa ametoka Njombe miezi michache nyuma, mumewe mwalimu amehamishiwa shule ya msingi pale. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Kuogelea hajui. Mashamba ya karibu yalikuwa na wenyewe, kwa hiyo alipewa sehemu ya mbali, juu ya fungu la mchanga lililo ng'ambo ya mkondo. Mnaojua mkondo mnajua hatari yake. Maji yakirudi, yanaujaza mkondo kwanza, na wewe uliyesimama kwenye fungu maji yanakufika magotini tu, hujui kwamba nyuma yako njia ya kurudi imeshakuwa kina cha mtu. Ndiyo maana saa ya kurudi iliwekwa kwenye ujumbe. Iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Wenzake walipomwita watoke, aliwajibu kwamba bado ana kamba nne na muda upo. Walidhani atafuata.

Bi Tatu alikuwa ameshaanza kuanika mwani wake ufukweni alipoinua kichwa na kuona mtandio mmoja wa njano kule mbali. Inakaribia saa saba. Alipiga ukelele mpaka mkwewe akatoka ndani na kijiko cha wali mkononi, akasukuma mtumbwi. Walimkuta Mama Neema amekumbatia kigingi cha shamba lake, maji yako kifuani, gunia la mwani bado liko kichwani, na simu imefungwa kwenye nailoni shingoni. Alikuwa anaitazama ile simu. Alipopandishwa kwenye mtumbwi, maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Nilidhani bahari ndiyo imekosea."

Bi Tatu alinipigia simu jioni ileile, kabla magharibi.

"Wewe Zuhura, mwanangu, ujumbe gani huu mmetuletea?"

"Shikamoo Bi Tatu. Kwani umesemaje?"

Akanisimulia. Niliposikia "saa kumi na mbili" nilijua, hata kabla sijafungua kompyuta. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Bi Tatu, labda ni mtandao. Mtandao wa simu siku hizi unavuruga."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mtandao unavuruga! Kama kwamba mtandao unaweza kukaa chini ukageuza sita kuwa kumi na mbili. Yule mama mtu mzima akasema, "Haya mwanangu, Mungu anajua," akakata. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nina watoto watano.

Mzee Komba alirudi siku ya pili yake asubuhi, na vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Nilimweleza yote, na ya mtandao nikamweleza. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaniambia niutoe ule mstari wa kunyamazisha halafu niendeshe majaribio upya. Maonyo yakamwagika. Akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, kama kawaida yake. Alifika katikati akasimama. Kompaila ilikuwa imeandika kwa Kiingereza chake, na katikati ya Kiingereza hicho jina letu la Kiswahili: SAA-YA-KURUDI, imepewa thamani, haikutumika popote.

Akalisoma mara ya pili, polepole. Halafu akavua miwani.

"Ilikohoa," akasema.

Nililia pale mezani mbele yake. Alinimiminia chai, akaiweka karibu na mkono wangu, akasema, "Ukimaliza, uende Mlingotini. Mimi siendi. Wewe ndiye utakwenda."

Nilikwenda kwa bodaboda, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilimkuta Mama Neema amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya shule, anachambua mchicha, Bi Tatu yuko pembeni yake kwenye mkeka. Niliwaamkia. Maneno yote niliyoyatunga yakapotea, nikabaki na ukweli mtupu. Nikasema haukuwa mtandao. Ni mimi niliyeandika vibaya, na niliposema mtandao nilisema uongo.

Mama Neema aliendelea kuchambua mchicha. Alikuwa na michubuko mikononi, ya kile kigingi. Baadaye akauliza, bila kuniangalia.

"Dada, sasa hiyo mashine yenu, haikuona kwamba umekosea?"

"Iliona."

"Ikasema?"

"Ilisema."

"Ikamwambia nani?"

"Ikaniambia mimi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Nawe?"

"Nilikuwa nimeiziba mdomo, mama. Ilikuwa inasema mambo mengi."

Bi Tatu alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Mama Neema aliweka ungo wa mchicha chini, akapangusa mikono kwenye khanga yake. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, ningepata nafuu.

"Mimi nyumbani nina watoto watatu," akasema. "Wanasema toka asubuhi mpaka wanalala, na mengi ni ya upuuzi. Lakini siwezi kuwaziba mdomo, kwa sababu iko siku mmoja wao atasema mama, mdogo wangu ameanguka kisimani. Ifungue mdomo hiyo mashine yako, dada. Na usikilize."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Akasema, "Na ukifanya, uandike jina langu hapo, ili usisahau."

Sikuenda nyumbani. Nilirudi ofisini moja kwa moja, na mahali palipokuwa na mstari ule wa kuziba mdomo nikaweka ule mnaotaka kuuondoa leo, kwamba jibu la pili la kompaila likiwa ndiyo, majaribio yote yameshindwa, hata kama hesabu zote ni sahihi. Nikaandika jina lake juu. Kisha mimi na Mzee Komba tulikaa wiki mbili tunasafisha yale maonyo ya uongo, moja moja. Pale ambapo jina lilitajwa kwa makusudi bila kutumika, tuliiambia kompaila waziwazi kwamba tunajua, na tukaandika sababu pembeni. Siku tulipomaliza, skrini ilikuwa nyeupe kwa haki. Mzee alikwenda dukani chini akanunua kashata za watu wawili, na kwa mara ya kwanza akaniruhusu nichemshe chai. Ilikuwa mbaya. Aliinywa yote.

Mzee Komba tulimzika kwao miaka kadhaa iliyopita, Mungu amlaze pema. Kila nikisikia mtu anakohoa mlangoni namkumbuka, na nacheka, na kidogo machozi yananilengalenga.

Sasa, Salma, na wenzako. Najua onyo lililowakwamisha juzi. Nimelitazama, umenitumia picha. Ni jina mlilolitaja na hamkulitumia. Inawezekana kabisa ni upuuzi, mtu alianza kitu akabadili nia. Inawezekana pia si upuuzi. Hilo utalijua ukifungua faili, ukiuliza jina lile lilikuwa lifanye nini, na nani sasa anafanya kazi yake. Itakuchukua dakika kumi. Mimi dakika kumi zile nilizikataa kwa sababu nilitaka kuona kijani.

Mkitaka kuondoa mstari bado, sawa, mimi si mwenye ofisi tena. Lakini fuateni kilichoandikwa. Mama Neema yupo. Baada ya siku ile hakutaka kusoma ujumbe wetu kwa mwaka mzima, akajifunza maji kutoka kwa Bi Tatu, kwa mwezi na kwa macho. Bi Tatu alipozeeka akamwachia shamba lake, la upande huu wa mkondo. Siku hizi anasoma ujumbe, kisha anatoka nje anaitazama bahari, ndipo anakubaliana nasi au hakubaliani. Wageni wote wa kijiji anawaingiza majini yeye mwenyewe, na anawatoa yeye mwenyewe.

Nenda Mlingotini, Salma, umwamkie vizuri, umuulize kama mstari utoke. Bamvua imeanza jana, kwa hiyo asubuhi hutamkuta nyumbani. Mngojee ufukweni. Saa sita atakuwa amesharudi.